Tumerekodi kipande cha dakika 22 na bendi ya jazi ya chuo: chumba kizuri, fundi mzuri, hedifoni balaa

Nianze na jibu kabisa kwa wale ambao hawafikagi mwisho: studio hii nitairudia. Ila safari ijayo naenda na hedifoni za kuazima, na kuna maswali mawili matatu nitauliza kabla sijatoa hata senti, maana safari hii niliyauliza nikiwa tayari nimeshasimama mlangoni na watu 17 nyuma yangu wamebeba vyombo.

Jina la studio sitaji. Nina malalamiko huko chini na watu wa mtandaoni nawajua, mkipewa jina mnaenda kumwaga nyota moja moja hata kama hamjawahi kukanyaga pale, na hawa jamaa kwa kweli hawastahili hivo. Chukueni tu kama mapitio ya huduma yenyewe, kwa yeyote ambae ana bendi kubwa ya chuo na anafikiria kwenda kurekodi kitu kikubwa kuliko akili zake.

Kipande nilikiandika mimi, na nakiri kabisa nilikua na kiburi. Sehemu nne, dakika 22, bigi bendi ya kawaida ya watu 17 yaani saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, afu piano, gitaa, besi na drams, na kama hiyo haitoshi nikaongeza vibrafoni (vile vibao vya chuma vinavyopigwa kwa virungu). Sehemu ya pili ni mapigo saba, sio manne kama watu wastaarabu. Ya tatu ni taratibu sana, wale wa alto wanaweka saksafoni chini wanashika filimbi, wa tenor mmoja anashika klarineti, na drams hazigusi kitu karibu nusu yake. Ya nne ni mbio za mapigo 240 kwa dakika na mwishoni bendi nzima inapiga kelele pamoja mpaka kuta zitikisike. Hiyo ndo ilikua ndoto.

Najua kuna watakaosema jazi ya nini kurefushwa namna hiyo. Jamani huu ugonjwa sikuuanza mimi. Duke Ellington, gwiji wa jazi wa Marekani, mwaka 1935 alirekodi kipande kimoja kikambidi kikatwe kwenye pande nne za santuri, wakati upande mmoja ulikua unabeba kama dakika tatu tu, na 1943 akapanda ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na kazi ya kama dakika 45, wakosoaji kibao wakamkunjia sura. Tofauti ni kwamba yeye alikua na bendi inayolala na kuamka nae barabarani mwaka mzima, mimi nilikua na watu wenye mitihani. Na kwa wale wanaosema bendi ya chuo irekodi kwa simu ukumbini inatosha, bendi ya wanafunzi wa chuo kinachoitwa leo University of North Texas iliwahi kuteuliwa Grammy na albamu yao ya Lab 75, kwahiyo msitudharau sana.

Sasa kabla sijafika studio lazima niseme kuhusu programu za kuandikia nota, kwa sababu nusu ya matatizo yangu ya studio yalizaliwa kule. Programu ni rafiki muongo. Unaandika, unabonyeza, inakupigia, unalia machozi ya furaha, kumbe tarumbeta ya kompyuta haina midomo. Haichoki, haipumui, haina mate. Mimi nilimwandikia tarumbeta ya kwanza baa 38 mfululizo (baa za muziki, vile vifungu vya mapigo kwenye nota, sio zile nyingine) ziko juu kabisa ya mistari, kompyuta ikapiga kama malaika, mazoezi ya kwanza yule dada anaepiga tarumbeta ya kwanza akashusha chombo katikati akaniangalia akaniuliza, mwandishi, hapa napumulia wapi? Sikua na jibu. Kuna sehemu ingine niliwapa tromboni baa mbili za kuchomoa sordini (kile kizibo cha kupunguza sauti), nikaona nimekua mkarimu, afu mtu akanipigia hesabu pale pale: kwa mapigo 240 baa mbili za mapigo manne ni sekunde mbili. Sekunde mbili ushushe slaidi, uchomoe kitu, ukiweke chini bila kukiangusha, upandishe chombo, upige. Nikarudi nyumbani nikaandika upya. Sehemu nzima ya nne niliiandika upya mara tatu na kila mara ilikua nyepesi zaidi kwenye karatasi na nzito zaidi masikioni, hilo sijui nilielezeje ila waliowahi kuandikia ala za kupuliza wananielewa.

Haya, studio.

Tulikua na studio mbili za kuchagua. Ya kwanza walitutumia orodha ya maiki ndefu kama orodha ya wageni wa harusi, Neumann hizi, Neumann zile (ni maiki za bei mbaya), kila kitu cha zamani chenye jina. Ya pili orodha ilikua fupi, ila walisema njoo kwanza uone chumba. Mimi nilitaka ya kwanza, mwalimu wetu wa bendi akasema twende tukapige makofi. Nikadhani anatania. Tukaenda kweli, akasimama katikati ya chumba akapiga kofi moja, akasikiliza, akahamia kona nyingine akapiga tena. Kwenye ile ya kwanza kofi likarudi kama limepigwa ndani ya kopo, dari iko chini, kuta zimejazwa sponji, ni chumba cha kuimbia mtu mmoja. Kwenye ya pili dari iko juu sana, mbao ukutani, kofi linapanda, linakaa kidogo, linaondoka kwa heshima. Tukachukua ya pili na huo ndo uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya, na haukua wangu.

Maana ukifikiria, rekodi za bendi kubwa tunazozipenda nyingi ni za vyumba. Studio ya Columbia ya 30th Street pale New York, iliyofanya kazi toka 1949 mpaka 1981, lilikua kanisa la zamani, dari iko juu sana. Rudy Van Gelder, fundi maarufu wa kurekodi jazi, alianza kurekodi sebuleni kwa wazazi wake, afu 1959 akahamia Englewood Cliffs kwenye jengo alilolijenga kwa kazi hiyo, nalo dari linapanda kama la kanisa. Tarumbeta nne na tromboni nne zikipiga kwa nguvu zinasukuma hewa kweli kweli, hiyo hewa lazima iwe na pa kwenda, ikikosa inarudi kwenye maiki na kila kitu kinasikika kama watu wanagombana chooni.

Na fundi wa pale aisee. Huyu ndo sababu ya nyota zote nitakazotoa. Wiki mbili kabla akaomba nota nzima, ile ya mwongozaji yenye ala zote, sio tu wimbo wa kompyuta. Nikamtumia nikijua hatofungua. Siku tatu baadae ananipigia simu anauliza, kaka hii filimbi ya sehemu ya tatu, yule mtu anakaa pale pale alipokua na saksafoni au anasogea? Kwa sababu maiki ya saksafoni ikimwangalia tumboni filimbi haitosikika. Hajawahi mtu kuniuliza swali zuri namna hiyo. Akauliza solo ziko wapi, nani anaanza, nani anamfuata, akaandika kwa penseli juu ya nota. Siku ya kurekodi tukisema turudie toka baa ya 112, anarudi baa ya 112, hasemi ile sehemu yenye tarumbeta tarumbeta. Kwa bendi inayolipia kwa saa, fundi anaesoma nota ni utajiri kuliko maiki yoyote ile. Ulizeni hilo swali kabla ya kuuliza kingine chochote.

Upangaji wake ulinishangaza kidogo. Mimi nilidhani kila kikundi kitafungiwa chumba chake, kumbe akatukalisha duara lililokatwa, saksafoni wanaangaliana na tarumbeta na tromboni, drams kwenye uwazi na vizuizi vifupi vya mbao mbele yake, piano imefungwa kifuniko na kufunikwa blanketi zito, mpiga besi peke yake ndo kawekwa kwenye kijumba chenye kioo. Akatueleza kwa nini hataki tukae mbali mbali. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, ina maana kila mita unayomsogeza mtu unamchelewesha kama milisekunde tatu, ukimweka tarumbeta mita 12 toka kwenye drams anazisikia zimechelewa milisekunde 35, yeye nae akipiga sauti yake inachelewa kiasi hicho hicho kurudi kwa mpiga drams. Kwa mapigo 240 pigo zima ni milisekunde 250 tu, sasa toa 35, kila mtu ataapa yeye ndo yuko sawa na mwenzake ndo anavuta. Tukakaa ndani ya mita tano. Wallahi tofauti tuliisikia teki ya kwanza tu (teki ni kurekodi mara moja), bendi ikakaa.

Kwenye shaba, yaani tarumbeta na tromboni, alitumia maiki za riboni. Kwa wasiozijua, riboni inasikia mbele na nyuma, pembeni inakua kama kiziwi, kwahiyo ukiigeuza vizuri ule upande kiziwi unauelekezea drams na zenyewe zinapungua. Na tarumbeta kwenye riboni hazichomi masikio. Tulikuja kuishukuru hiyo wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya sauti za maiki zote.

Sasa tuje kwenye hedifoni, jamani.

Mfumo wao wa hedifoni unatoa michanganyo miwili tu kwa chumba kizima, yaani namna mbili tu za kuchanganya kile watu wanachosikia masikioni. Miwili! Watu 18. Kwahiyo piano, besi, gitaa na drams walikua na mchanganyo wao, waliobaki wote wakagawana mmoja. Vibrafoni anataka piano zaidi, saksafoni wanataka besi zaidi, tarumbeta hawataki kitu chochote isipokua kliki (ile tik tik ya kushika mapigo), na kliki ikipanda kwa ajili ya tarumbeta inapanda kwa wote. Afu hedifoni zenyewe zingine ni zile za wazi nyuma, zinavuja. Sehemu ya tatu, ile ya taratibu, filimbi mbili zinaanza kimya kimya, tunaenda kusikiliza teki iliyokua nzuri kuliko zote, ndani yake tik, tik, tik, tik. Kliki ya mtu fulani aliyeweka sauti juu na sikio moja kalifungua kama wapuliza shaba wanavyopenda, inaingia kwenye maiki ya filimbi kama saa ya ukutani. Teki ikafa. Yule wa filimbi alikaa kimya mpaka tukaogopa kumsemesha.

Tuliishia kuzima kliki kabisa kwenye ile sehemu na watu wakavua hedifoni, mwalimu akaongoza kwa mkono, mpiga besi akafunguliwa mlango wa kijumba asikie. Na sitadanganya, ndo teki iliyoingia kwenye rekodi, inapumua kuliko zile za kliki. Kwahiyo balaa likatoa kitu kizuri, ila bado ni balaa, tulipoteza karibu saa moja na nusu, na studio inayojitangaza kurekodi bendi kubwa haiwezi kua na michanganyo miwili.

La pili ni saa. Tulilipia siku mbili, saa kumi kwa siku, nikapiga hesabu zangu za teki kwa saa kumi. Kumbe saa za kupanga maiki na kupima sauti ni zetu. Siku ya kwanza toka tumefungua mlango mpaka nota ya kwanza iliyorekodiwa, saa tatu na nusu zimeondoka. Sisemi wametuibia, maiki zaidi ya 30 hazijipangi zenyewe, ila kwenye makubaliano hawakuandika na mimi sikuuliza. Ulizeni mnaweza kupanga vyombo jioni ya kabla. Drams, piano na vibrafoni tu vikikaa usiku ule unaokoa asubuhi nzima.

Vibrafoni nayo ina kisa chake na hapa studio haina kosa hata moja. Piano yao ilikua imesawazishwa vizuri asubuhi ile ile, nota ya A iko 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Vibrafoni tuliyoenda nayo ni 442, nyingi zinatengenezwa hivo na chuma huwezi kukikaza kamba. Tofauti ni ndogo, kama senti nane (senti za muziki, 100 ndo nusu toni), haifiki hata sehemu ya kumi ya nusu toni, ukumbini hakuna aliyewahi kuona kitu. Studio kwenye maiki ya karibu, piano na vibrafoni zikishika A moja kwa pamoja inasikika wau wau wau, mara mbili kwa sekunde. Na mimi kwenye sehemu ya kwanza nimewaandikia wimbo mmoja wanaoupiga pamoja, ndo ile sauti niliyoiota. Ikabidi nimwondoe piano pale, gitaa likachukua nota zake kwa sababu gitaa linaweza kusogezwa. Ukiwa na vibrafoni, mpigie fundi wa piano mapema umwambie namba yako.

Kosa langu kubwa ni ratiba. Fundi alishauri ile sehemu ya nne yenye kelele turekodi mapema, midomo ikiwa mibichi. Nikakataa, nikasema nataka turekodi kwa mpangilio ili hadithi ijengeke, maneno ya kisanii hayo, huku mwalimu ananiangalia tu bila kusema kitu. Saa ya tisa toka tuingie studio siku ya kwanza tukaingia kwenye mbio za 240, ile nota ya juu ya mwisho yule dada akapuliza, ikatoka hewa. Akapuliza tena, hewa. Hakukasirika hata, aliweka tarumbeta kwenye sanduku akafunga akasema tuonane kesho. Kesho yake asubuhi kitu cha kwanza tulichorekodi ilikua ni hiyo, teki ya pili tu ikakaa, nota ya juu imesimama kama mnazi. Fundi hakusema nilikwambia. Nikampenda zaidi.

Kumiksi nitapita haraka maana kulienda vizuri isipokua mambo mawili. Ukirekodi wote chumba kimoja, kosa la mtu mmoja linaishi kwenye maiki za watu wote. Tromboni ya tatu kaingia baa moja mapema kwenye sehemu ya pili, unamzima kwenye maiki yake, bado yupo kwenye maiki za saksafoni, yupo kwenye za drams, yupo kila mahali kama jini. Dawa ni kukata baa zile toka teki nyingine, na pale kliki ikatusaidia kwa kweli, tempo ilikua moja, mshono hausikiki. Kwenye sehemu ya tatu isiyo na kliki kulikua na kakosa kangu mwenyewe ka uandishi, nota ya klarineti inayogongana na filimbi, teki zote tempo tofauti, haikushoneka. Imebaki. Iko pale dakika ya nne, rafiki yangu mmoja anasema ndo anayoipenda kuliko zote, sijui ananifariji au ana masikio mabovu.

Jambo la pili, masta ya kwanza (rekodi ya mwisho ya kutoa) aliyotutumia fundi ilikua imebanwa sana, filimbi mbili na bendi nzima ikipiga kelele zina ukubwa mmoja. Ni mazoea ya nyimbo za kucheza. Tukamwandikia kwa upole kwamba hii kazi inaishi kwa kupanda na kushuka, na Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwahiyo ukibana uwe mkubwa kuliko wengine inakushusha tu, umepoteza uhai kwa faida ya sifuri. Akajibu siku ile ile, akatuma nyingine, safi. Mjue tu kwamba marekebisho ni mawili ndani ya malipo, la tatu unalipia, hivo msitume maoni ya watu 18 kila mmoja kwa barua yake kama tulivyofanya sisi mara ya kwanza. Kaeni pamoja, sikilizeni, mtu mmoja aandike.

Nyota nne. Ya tano wameila wenyewe na zile hedifoni, na nilishamwambia fundi hivo hivo akacheka akasema wenye studio anawadai hilo toka zamani. Tumeshashika tarehe nyingine kwa ajili ya kipande kipya, kifupi safari hii, dakika tisa. Mpiga tarumbeta wa kwanza kanipa sharti moja, anataka kuiona nota yake kabla mimi sijaanza kuipenda.